Trela ya kulala, AC na umeme wa kambi unaoshuka: ninunue kinga ipi?

MtotoWaPongwe (Houston, Texas)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi trela za kulala, RV kama wanavyoziita huku.

Mwaka huu nimenunua trela ya mtumba, futi 26, ya kuvutwa na pikapu. Plagi yake ni ile ya ampea 30 yenye miguu mitatu. Juu ya paa kuna AC moja ya BTU 13,500. Ndani kuna maikrowevu, jokofu na hita ya maji zinazotumia gesi au umeme, halafu betri moja ya volti 12 na konvata yake ya kuichaji. Vyote vinafanya kazi, aliyeniuzia aliitunza.

Shida ni umeme wa kambini. Tulikwenda na watoto kambi moja upande wa pwani, wikiendi ya joto kali, kambi imejaa pomoni. Asubuhi AC ilipuliza vizuri kabisa. Kuanzia saa nane mchana taa zikawa zinafifia kila kompresa inapotaka kuwaka. AC inanguruma, inakata, inatulia, inanguruma tena. Saa ya maikrowevu ikawa inapotea na kuanza upya. Jirani yetu, mzee mmoja Mmarekani, ana kijidude amechomeka ukutani kinachoonyesha volti. Akaniita nikione: 102. Akaniambia zima AC sasa hivi. Nikazima, tukakaa kivulini mpaka jua likazama, usiku umeme ukakaa sawa.

Nimepita dukani nimekuta aina mbili za kinga. Moja ni dola 80 na kitu, imeandikwa jouli nyingi sana. Nyingine inakaribia dola 300, imeandikwa inakata umeme ukiwa mdogo au ukizidi. Kwa nje ni boksi jeusi na waya mfupi mnene, zote mbili. Muuzaji anasema ya dola 80 inatosha kwa familia.

Mwezi ujao mama anakuja kutoka Tanga. Ana presha, na nataka nimpeleke mpaka milima ya New Mexico akaone nchi. Sitaki AC ife njiani akiwa ndani. Kwa hiyo nauliza: kweli ile ya dola 80 inatosha? Na jambo la pili, binamu yangu ni fundi umeme, amefanya kazi Tanga na Dar miaka mingi kabla ya kuja huku. Amejitolea kunifungia soketi ya ampea 30 ukutani kwa gereji ili niwe naipoza trela kabla ya safari. Waya na breka ameshanunua, anakuja Jumamosi. Kuna la kuangalia hapo?

---

NesiWaBarabarani (kwa sasa Tucson, Arizona)

Kaka, pole na joto, na hongera kwa trela. Mama akifika mpe salamu za Mombasa.

Mimi ni nesi wa mikataba. Hospitali inanichukua wiki kumi na tatu, nikimaliza nafunga trela nahamia mji mwingine. Umeme wa kambi ndio ninaopikia, ninaolalia na kuamkia, kwa hiyo haya nayasema kwa uchungu kidogo.

Nunua ile inayokata. Ya dola 80 usiichukue hata wakiipunguza bei.

Unaikumbuka friji gadi ya nyumbani, ile inayokaa kati ya ukuta na jokofu? Umeme ukishuka inakata, ukizidi inakata, ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndipo inaruhusu. Hii ya dola 300 ni friji gadi ya trela nzima. Ile ya dola 80 kazi yake ni moja: kumeza mpigo wa ghafla wa umeme mkubwa, ule wa kufumba na kufumbua unaoletwa na radi iliyopiga mbali au laini inayorudishwa baada ya kukatika. Jouli zilizoandikwa kwenye boksi ni kiasi inachoweza kumeza kabla haijachoka. Umeme ukishuka mpaka 102 ukakaa hapo mchana kutwa, yenyewe inaupitisha tu. Nyingine zina vitaa vya kukuonyesha kwamba nyaya za nguzo, kile kisanduku cha soketi kwenye eneo lako la kambi, zimefungwa vibaya, lakini hazikati. Kitaa kinawaka nje, umeme mbovu unaingia ndani, wewe na watoto mko ziwani.

Na kilichotaka kuiua AC yako ni umeme mdogo. Huku volti ni 120, na kampuni za umeme hulenga kumfikishia mteja kati ya 114 na 126. Lakini ndani ya kambi kuna waya mrefu kutoka kwenye mita mpaka nguzo ya mwisho, na saa nane mchana kila trela imewasha AC. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta ampea mara kadhaa zaidi ya zile za kawaida, kwa muda mfupi sana. Volti zikiwa chache mota inakosa nguvu ya kuanza. Inabaki imekwama, ule mvuto mkubwa hauishi, nyaya za ndani zinapata moto. Huo ndio mngurumo uliousikia. Ndani ya kompresa kuna kinga ya joto inayoikata ipumzike, ndiyo maana ikawa inatulia na kujaribu tena, ila kila jaribio linazidi kuunguza insulesheni ya nyaya. Yule mzee alikuokolea kompresa.

Kinga nyingi za aina hii zimepangwa kukata chini ya volti 102 au 104 na juu ya 132. Umeme ukirudi zinasubiri, na nyingine zina swichi ya kuchagua muda wa kusubiri. Wewe chagua ule mrefu, wa dakika mbili na ushee, ili mgandamizo wa gesi kwenye kompresa ushuke kabla haijaanza tena.

Sasa lile ambalo hukuuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi nikisikia mzazi anakuja: ethi, yaani waya wa ardhi.

Trela ni boksi la bati juu ya chasisi ya chuma, na limekaa juu ya matairi ya mpira. Waya wa ethi unaotoka kwenye nguzo ndio kinga yake dhidi ya umeme unaovuja. Ukikatika, au skrubu yake ikiwa imelegea na kushika kutu, hutajua. Taa zitawaka, AC itapuliza, kila kitu kitaonekana kizima. Lakini elementi ya hita ya maji iliyopasuka, au waya mmoja uliochubuliwa na chuma, utapeleka umeme kwenye bodi yote: ngazi, kitasa, hata mnyororo wa kufungia trela na pikapu. Aliye ndani hasikii kitu kwa sababu hagusi ardhi. Anayepigwa ni yule aliyesimama chini akashika kitasa.

Kaka, mfikirie mama alfajiri. Kambi nyingi bomba la maji liko hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo ya umeme. Ameshuka kutawadha, viatu kaviacha ngazini, nyasi zina umande, mikono na miguu imelowa mpaka kwenye viwiko na vifundo. Kisha anashika kitasa arudi ndani kuswali. Nimefanya kazi idara ya dharura, nimewapokea waliopigwa shoti. Ngozi iliyolowa inapitisha umeme kirahisi kuliko ngozi kavu, na volti 120 zinatosha kabisa kuusimamisha moyo, seuze wa mtu mwenye presha. Kinga inayokata ikiona nguzo haina ethi, hairuhusu umeme kuingia kwenye trela hata kidogo. Kwa hilo peke yake mimi ningelipa hizo dola 300.

Nunua pia kile kikalamu cha kugundua umeme bila kugusa waya, ni bei ndogo tu. Ukishachomeka, kabla familia haijashuka kwenye pikapu, kipitishe karibu na bodi, ngazi na kitasa. Kikilia, usiguse trela. Nenda kwenye nguzo, zima breka, waite watu wa kambi.

Ukifika eneo jipya, trela iache kwanza. Hakikisha breka ya nguzo imezimwa, chungulia matundu ya soketi. Ukiona plastiki imebabuka au imekuwa nyeusi, omba eneo jingine hapohapo. Kama ni safi, chomeka ile kinga peke yake, bila trela, halafu washa breka usome namba zake. Mimi napima na mita pia. Laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) isome 120 hivi, laini na ethi 120, nyutro na ethi sifuri au karibu na sifuri. Nyutro na ethi zikikupa 120, kuna waya umekaa pasipo mahali pake, usiunganishe chochote. Ukiridhika zima breka, unganisha trela, washa tena. Usichomeke wala kuchomoa huku breka imewashwa na AC inavuta, cheche ndizo zinazokula miguu ya plagi.

Halafu washa AC uangalie volti. Zikishuka mbili au tatu ni kawaida. Zikiporomoka kumi kwa AC moja, hiyo nguzo ina muunganiko mbovu au waya mwembamba, na mchana utakuwa kama ule wa pwani.

Kuna hesabu nyingine iko mikononi mwako. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi. AC yako inachukua 13 au zaidi kukiwa na joto, maikrowevu 12 au 13, hita ya maji ikiwa kwenye umeme 12 nyingine. Jokofu na hita viweke kwenye gesi. Chai ya mama ichemshe jikoni kwa gesi, kwa sababu birika la umeme la wati 1,500 linakula ampea 12 na nusu peke yake.

Utasikia watu wakisifu stebilaiza za trela, zile nzito zinazopandisha volti kwa karibu asilimia 10. Zinafanya kazi: 102 inakuwa 112. Lakini hazitengenezi umeme, zinavuta ampea zaidi kutoka kwenye nguzo kufidia, na kambi ikiwa imelemewa jirani yako ndiye anayeshushiwa. Mimi sina. Umeme ukishuka nazima AC, nafungua madirisha, au nahama nguzo. Ukiamua kununua, mwulize meneja wa kambi kwanza, na bado utahitaji kinga inayokata.

Kwa wenye plagi ya ampea 50 kama mimi kuna hatari nyingine wewe huna. Sisi tunapokea laini mbili za 120 zinazogawana nyutro moja. Nyutro ikiachia, laini mbili zinabaki na volti 240 kati yake, na vifaa vyako vinagawana kwa fujo: upande wenye mzigo mkubwa unashuka, wenye mzigo mdogo unapanda unaweza kupita 200. Nilikuwa kambi moja huku Arizona, natoka zamu ya usiku, nikakuta ndani kimya. Kinga imekata, inaonyesha laini moja ilikuwa inapanda na nyingine inashuka. Fundi wa kambi alipofungua nguzo, waya wa nyutro ulikuwa umetoka kwenye skrubu yake, mweusi kama mkaa. Trela ya jirani haikuwa na kinga. Televisheni, maikrowevu na konvata yake viliungua asubuhi ileile.

La soketi ya binamu naliacha kwa mafundi. Hapo usikurupuke.

---

FundiWaUkonga (Columbus, Ohio)

Dada Nesi, heshima kwako, umemaliza.

Mkuu MtotoWaPongwe, mimi nina la soketi tu. Mwambie binamu Jumamosi asifunge kitu mpaka mmekaa mkasoma hii pamoja. Simdharau, hata mimi nilianza chuo cha ufundi cha VETA nyumbani kabla ya kupata leseni ya huku, na ndiyo maana najua mtego uko wapi.

Nyumbani tumezoea laini moja na nyutro, kati yake 230, habari imekwisha. Huku nyumba inaingiza laini mbili, kila moja ni 120 ukipima na nyutro, na 240 ukipima laini kwa laini. Vitu vikubwa kama kikaushio cha nguo vinatumia zote mbili. Kwa fundi wa majumbani wa nchi hii, ukimwambia «soketi ya ampea 30» akili inakwenda kwenye kikaushio: breka ya pole mbili, laini mbili, volti 240. Na aliyezoea 230 ya nyumbani akipima akakuta 240 anaona ndiyo penyewe.

Trela yako inataka 120. Soketi yake ni TT-30: breka ya pole moja ya ampea 30, waya wa shaba namba 10 (huku namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi), laini moja, nyutro moja, ethi moja. Wanafunga 240 kwenye soketi hiyo kila mwaka, hata Wamarekani wenyewe wenye leseni. Ukichomeka bila kinga, konvata, maikrowevu na bodi ya elektroniki ya AC vinapata volti mara mbili ya vinavyohitaji, na mara nyingi moshi unatoka kabla hujafika kwenye breka.

Kwa hiyo muulize binamu breka aliyonunua ina pole ngapi. Kama ni mbili, arudishe. Akimaliza kufunga, kabla trela haijasogea, apime matundu: mawili ya mshazari kati yake 120, la duara ni ethi. Akipata 240 kwenye yale ya mshazari, asichomeke. Halafu chukueni kibali cha mji na mkaguzi apite. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na trela, na bima ya nyumba haitakusumbua baadaye.

La mwisho ni waya wa kuongezea. Watu wananunua waya mwembamba wa bustani, namba 16, wanaweka adapta, wanawasha AC. Huo una omu 4 kwa kila futi 1,000. Waya wa futi 50, kwenda na kurudi ni futi 100, yaani omu 0.4. AC ikivuta ampea 13 unapoteza volti 5 na zaidi kwenye waya peke yake, na unapata moto. Namba 10 kwa urefu huohuo inapoteza volti 1.3. Kwenye kambi ambayo tayari iko 108, hizo volti nne ndizo zinazoamua kama kompresa itawaka.

---

DerevaWaMasafa (Kansas City)

Naongezea moja tu wakuu. AC ikishafanya kazi saa moja, shika plagi kwenye nguzo kwa nje, ile sehemu ya mpira. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto hata huwezi kuendelea kuishika, zima. Kuna muunganiko umelegea mle, na kinga ya dola 300 inaweza isiuone kwa sababu volti bado zinasoma vizuri. Miguu ya plagi ikishakuwa ya kahawia na yenye vishimo, kuipiga msasa hakuisaidii. Badilisha kichwa cha plagi chote. Na mara moja kwa mwaka chomoa kila kitu, hadi betri, ufungue paneli ya ndani ukaze skrubu. Barabara zinazilegeza.

---

MtotoWaPongwe (Houston, Texas)

Nashukuru sana, dada na wakuu. Nimempigia binamu jana usiku. Breka ni ya pole mbili. Alikuwa amepanga laini mbili kabisa, tena kwa nia njema, maana kwenye karatasi ya duka waliandika ampea 30 na picha ya soketi ya kikaushio pembeni. Amekwenda kurudisha, amechukua ya pole moja na soketi yenyewe ya TT-30. Kibali tumeomba leo. FundiWaUkonga, anakusalimu, anasema Ukonga anaifahamu vizuri.

Kinga ya dola 300 nimeinunua, na kikalamu. Leo nimekwenda na pikapu kwenye ile kambi ya pwani, nikamwomba meneja nipime nguzo tuliyokaa. Bila mzigo inasoma 113 saa tano asubuhi. Ethi ipo. Meneja amesema nguzo za karibu na ofisi zina waya mpya, tukirudi atatupa huko.

Bado nina swali. New Mexico kuna sehemu tutalala bila umeme wa kambi, nami nina jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,200. Nimejaribu kuichomeka kupitia kinga mpya hapa nyumbani, kinga inakataa, inaonyesha kosa la ethi. Jenereta ni nzima, nikichomeka taa moja kwa moja inawaka. Kinga ni mbovu?

---

NesiWaBarabarani (kwa sasa Tucson, Arizona)

Alhamdulillahi kwa hiyo breka. Nimefarijika kweli kusoma.

Kinga yako ni nzima, inafanya kazi yake. Kwenye umeme wa nyumbani au wa kambi, nyutro na ethi zimeunganishwa mahali pamoja, kwenye paneli kuu. Ndani ya trela hazitakiwi kuungana. Jenereta nyingi ndogo za inveta hazina muungano huo kabisa, nyutro yake inaelea. Kinga inaitafuta ethi, haioni inarejea popote, inasema haipo.

Dawa yake ni kijiplagi kidogo ambacho ndani yake nyutro na ethi zimeunganishwa. Vinauzwa tayari, au FundiWaUkonga atakuelekeza namna ya kukitengeneza. Unakichomeka kwenye soketi ya pili ya jenereta, ile isiyotumika, na kinga inakubali. Kiandike kwa kalamu nene «JENERETA TU» na ukifunge kwa kamba kwenye mpini wa jenereta, kisizurure kwenye droo ya trela. Siku mtu akikichomeka kwenye soketi ya ndani ya trela ukiwa kambini, ethi yako inaanza kubeba umeme wa nyutro, na tunarudi palepale pa kitasa cha mlango.

Wati 2,200 kwa AC ya 13,500 ni za kubana. Nyingi hazitaiwasha kompresa bila kile kifaa cha kuianzisha taratibu, kinachofungwa ndani ya AC yenyewe juu ya paa kupunguza ule mvuto wa kuanza. Ukikifunga inawezekana, ila maikrowevu uisahau wakati huo. Na kadiri unavyopanda milima jenereta inapoteza nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Bahati nzuri huko juu usiku ni baridi, mama ataomba blanketi kabla ya kuomba AC.

Usiku huohuo angalia betri. Feni, pampu ya maji, taa, hata kidhibiti cha AC na bodi inayowasha gesi ya hita na jokofu, vyote vinategemea volti 12. Betri ya kawaida ikiwa imejaa na imepumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikifika 12.1 umeshatumia nusu, ichaji. Konvata ikiwa imewashwa na umeme wa nje usome kama 13.6 kwenye betri. Ukisoma 12.4 na kushuka huku umechomeka, konvata imekufa au fyuzi yake imekatika, na taa hazitakwambia mpaka saa nane za usiku.

Jenereta iweke mbali na trela kadiri waya wake unavyofika, bomba la moshi lielekee upande mwingine, kamwe isiwe chini ya dirisha wala chini ya turubai la kivuli. Kabla hamjaondoka bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kengele ya monoksidi kaboni iliyo karibu na kitanda atakacholalia mama, na geuza upande wa nyuma usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Trela ya mtumba mara nyingi ina ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa imepitwa, nunua mpya kesho.